Kugandisha Moyo Unaodunda Ovyo: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Nairobi

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya moyo hapa Nairobi. Sehemu kubwa ya kazi yangu si sindano, ni kujibu maswali: kwenye benchi la kusubiri, kwenye simu saa mbili usiku, hata ndani ya matatu mtu akiniona na sare. Haya ni yale yanayorudi kila mara kuhusu matibabu ya kugandisha sehemu ya moyo kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu. Nimeanza na lile linalowachanganya karibu wote.

Mnasema mtanigandisha moyo, halafu mnanipa dawa ya kuzuia damu isigande. Mbona mnajipinga?

Lawama ni ya lugha yetu. Kiswahili kina neno moja, kuganda, kwa maji yaliyogeuka barafu, kwa mafuta ya kupikia asubuhi ya Julai, na kwa damu iliyokuwa donge. Daktari akisema "tutagandisha" anazungumzia baridi: sehemu nyembamba ya ukuta wa moyo inapozwa mpaka chembe zake zife na zisipitishe umeme tena. Moyo wenyewe unaendelea kupiga wakati wote huo. Akisema "damu isigande" anazungumzia donge, lile linaloweza kupanda kichwani na kuleta kiharusi.

Kwa hiyo kuna shida mbili na tiba mbili. Baridi inatibu mapigo. Dawa inazuia donge. Moja haifanyi kazi ya nyingine, na wagonjwa wengi ninaowaona wakiharibikiwa ni wale waliodhani inafanya. Humu nitasema "kugandisha" kwa baridi pekee. La damu nitaliita donge.

Ugonjwa wenyewe ni upi hasa?

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kwa kawaida cheche moja ya umeme inaanzia chumba cha juu cha kulia, inasambaa, vyumba vya juu vinabana, kisha vya chini. Zamu kwa zamu. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu vinaacha kubana, vinapapatika kama samaki aliyetolewa majini, kwa kasi inayozidi mara 300 kwa dakika. Vyumba vya chini vinapokea amri ovyo ovyo na kupiga bila mpango. Kwenye faili lako utaona herufi AF. Sisi tunauita mpapatiko.

Mtu mmoja anahisi moyo unaruka, mwingine anachoka akipanda ngazi, mwingine hahisi lolote mpaka siku mkono unapokosa nguvu. Huyo wa mwisho ndiye anayetutia wasiwasi. Chumba cha juu cha kushoto kina kifuko kidogo pembeni, na chumba kisipobana vizuri damu inatuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Damu iliyotuama hufanya donge. Mpapatiko huongeza uwezekano wa kiharusi takriban mara tano.

Nina presha. Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana, ingawa ni majirani. Presha ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa. Mpapatiko ni mpangilio wa mapigo. Lakini presha iliyoachwa miaka mingi hunenepesha na kutanua moyo, na moyo uliotanuka hupapatika kwa urahisi. Wagonjwa wetu wengi walianza na presha.

Jipime mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, pale mshipa unapodunda, uhesabu dakika nzima. Kasi si tatizo kubwa, sikiliza mpangilio. Mapigo ya kawaida yanakwenda kama mtu anayetwanga. Ya mpapatiko ni kama mtoto aliyepewa ngoma, hujui pigo linalofuata litakuja lini. Ukiyapata hivyo, nenda ufanyiwe ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, siku hiyo hiyo kama inawezekana, kwa sababu mpapatiko unaokuja na kuondoka huwa umeshajificha ukifika hospitali wiki ijayo.

Kama shida iko moyoni, kwa nini mnagandisha mishipa ya mapafu?

Swali zuri, na hata madaktari hawakuwa na jibu mpaka juzi juzi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake mjini Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazowasha mpapatiko hazianzii katikati ya chumba. Zinatoka kwenye midomo ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Kwa kawaida mishipa hiyo ni minne, nayo humimina ndani ya chumba cha juu cha kushoto. Nyama ya moyo imetambaa kidogo ndani ya midomo yake, na ndipo fujo zinapoanzia.

Basi hatuondoi mshipa wala hatuuzibi. Tunaweka kovu la duara mlangoni mwake. Cheche zikipigana huko ndani, zipigane. Hazitoki kuingia moyoni. Damu inapita kama zamani.

Mnaingiaje moyoni bila kupasua kifua?

Kwanza niondoe hofu moja: ukisikia katheta usifikirie ule mpira wa mkojo. Katheta ni mrija wowote mwembamba unaoingizwa mwilini, na huu unapita ndani ya mshipa wa damu.

Tunaanzia kinenani, pale paja linapokutana na tumbo. Unachomwa ganzi, daktari anatoboa mshipa mkubwa kwa sindano, na kupitia tundu hilo mrija unapandishwa hadi chumba cha juu cha kulia. Akitazama kwa eksirei na kwa eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, anatoboa tundu dogo kwenye ukuta unaotenganisha kulia na kushoto. Wagonjwa hushtuka hapa. Kwa wengi tundu hilo hujifunga lenyewe miezi inayofuata.

Kisha linaingia puto likiwa limekunjwa. Likifika kwenye mdomo wa mshipa linajazwa, na upana wake ni milimita 28, kama ndimu ndogo. Linasukumwa mpaka lizibe mdomo sawasawa, na daktari anapitisha dawa ya rangi kuona kama kuna upenyo, maana damu yenye joto ikivuja pembeni baridi haitafanya kazi. Baada ya hapo gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo iko katika hali ya kimiminika kwa ajili ya shinikizo, inapulizwa ndani ya puto. Ikigeuka hewa inanyonya joto. Umewahi kushika mtungi wa gesi ya kupikia ukiwa umewasha moto mkubwa kwa muda mrefu? Chini huwa baridi na wenye jasho. Ni jambo lile lile. Gesi hiyo hunyonywa kurudi kwenye mashine, haimwagiki kwenye damu yako.

Puto hushuka hadi nyuzi kati ya 40 na 55 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani ni kama 18 tu chini ya sifuri. Likipoa linanata ukutani kama ulimi wa mtoto unavyonata kwenye barafu, na huo ndio uzuri wake, kwa sababu moyo unaendelea kupiga na puto halitelezi. Kila mshipa unagandishwa kama dakika tatu hadi nne, mwingine mara moja, mwingine mara mbili. Halafu puto linaachwa lipate joto kabla ya kuguswa. Kazi ya ndani ya moyo huchukua saa moja hadi mbili. Ukijumlisha maandalizi, waambie ndugu zako wasianze kupiga simu kabla ya saa nne kupita.

Nitakuwa macho? Nitahisi baridi?

Inategemea kituo. Wengine wanakupa nusu kaputi ulale kabisa, wengine dawa ya kusinzia tu. Aliyesinzia anaweza kuhisi kichwa kikimuuma kama mtu aliyekunywa maji ya barafu haraka, au kikohozi cha ghafla. Baridi yenyewe kifuani ni wachache wanaoihisi.

Kuna kitu kingine ambacho huwa nawaeleza mapema ili wasiogope. Mishipa ya upande wa kulia inapogandishwa, utahisi tumbo likirukaruka kama kwikwi. Sisi ndio tunaolirusha. Karibu na hapo inapita neva inayoamrisha kiwambo, ule msuli wa kupumulia, na baridi ikizidi neva inaweza kulala. Kwa hiyo tunaichokoza kwa umeme mdogo, na mtu mmoja anaweka kiganja tumboni mwako kuhesabu kwikwi. Zikilegea, baridi inazimwa papo hapo. Nimekuwa mtu huyo wa kiganja mara nyingi. Katika chumba kilichojaa skrini, mkono wa mtu juu ya tumbo bado una kazi yake.

Kuchoma au kugandisha, kipi bora?

Njia ya zamani zaidi ni kuchoma kwa joto la mawimbi ya redio, nukta kwa nukta, mpaka duara likamilike. Puto linafanya duara kwa mkupuo mmoja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 kwa jina la FIRE AND ICE uliwalinganisha wagonjwa 762 barani Ulaya. Baada ya mwaka, tatizo lilikuwa limerudi, au mtu amelazimika kurudia dawa za mapigo au matibabu, kwa asilimia 34.6 ya waliogandishwa na asilimia 35.9 ya waliochomwa. Yaani sare. Waliogandishwa walipata zaidi ile shida ya neva ya kiwambo, asilimia 2.7 walipotoka hospitali, lakini baada ya mwaka ilibaki kwa asilimia 0.3 tu.

Ukiniuliza mimi, mkono wa daktari ni muhimu kuliko chombo. Chagua aliyezoea chombo chake. Utasikia pia kuhusu njia mpya zaidi inayotumia mipigo mifupi sana ya umeme, bila joto wala baridi, ambayo Marekani iliidhinisha mwishoni mwa 2023. Inaenea haraka na huenda daktari wako akaitaja.

Nitapona kabisa?

Sipendi neno "kabisa". Kanada waliwachukua wagonjwa 303 ambao walikuwa hawajaanza tiba ya kutuliza mpangilio wa mapigo, nusu wakagandishwa, nusu wakapewa vidonge, na wote wakawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi kinachorekodi kila pigo. Katika mwaka wa kwanza mpapatiko au ndugu zake ulirekodiwa kwa asilimia 42.9 ya waliogandishwa, ukilinganisha na asilimia 67.8 ya wa vidonge. Ukitazama waliohisi dalili tu, ni asilimia 11 dhidi ya 26.2. Baada ya miaka mitatu, mpapatiko wa kudumu ulikuwa umewapata asilimia 1.9 ya waliogandishwa na asilimia 7.4 ya wengine.

Ninavyozisoma namba hizo ni hivi: wengi hupata nafuu kubwa, wengine hubaki na vipindi vifupi ambavyo hata hawavijui, na baadhi hurudi kufanyiwa mara ya pili. Anayekuja mapema, mpapatiko ukiwa bado unakuja na kuondoka ndani ya siku saba, hufaidika zaidi ya aliyekaa nao miaka na chumba kimetanuka. Tunaowapokea wamezungushwa zahanati hadi zahanati kwa vidonda vya tumbo na wasiwasi ni wengi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kama unauliza ikiwa itakuongezea miaka: utafiti mkubwa wa CABANA, uliotangazwa 2019 ukiwa na wagonjwa 2,204, haukupata tofauti ya wazi ya vifo kati ya katheta na dawa. Kinachobadilika ni jinsi unavyoishi. Waliokuwa na moyo dhaifu tayari ni habari nyingine, na kwao zipo dalili nzuri zaidi. Hilo ongea na daktari wako ukiwa na ripoti ya eko mkononi.

Wiki ya pili sasa na moyo bado unaruka. Imeshindikana?

Bado. Kidonda kinapona, kimevimba, kinachokozeka. Kwa kawaida tunasubiri miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuhukumu. Ukidunda ovyo mfululizo kwa saa nyingi, au ukipata kizunguzungu, njoo. Si lazima uvumilie nyumbani.

Sasa moyo umetulia. Naweza kuacha dawa ya damu?

Hapa ndipo ninapopandisha sauti.

Kwa miezi miwili hadi mitatu ya kwanza, hapana, hata ungekuwa na miaka 30 na huna ugonjwa mwingine. Kovu jipya ndani ya moyo linavutia donge. Baada ya hapo, uamuzi hautokani na moyo kutulia, unatokana na hatari yako ya kiharusi. Madaktari huhesabu alama. Moyo kushindwa kazi, moja. Presha, moja. Kisukari, moja. Umri wa 65 hadi 74, moja. Ukifika 75, mbili. Umewahi kupata kiharusi, mbili. Mishipa ya damu iliyoziba, moja. Mwanamke huongezewa moja katika hesabu ya kawaida. Mama wa miaka 70 mwenye presha na sukari ana alama nne, na alama hizo hazipungui kwa sababu tuligandisha midomo minne ya mishipa. Huyo ataendelea na dawa, huenda maisha yake yote.

Nakumbuka mzee mmoja, fundi wa mbao, aliyekuja akitembea na kuondoka akitembea, mapigo sawasawa kama saa ya ukutani. Wiki ya sita aliona vidonge ni gharama bure, akaviacha. Alirudi kwa kiti cha magurudumu, mdomo umekwenda upande. ECG yake siku hiyo ilikuwa safi. Ninaisimulia kwa kila mgonjwa anayeniambia "lakini dada, moyo hauniumi".

Niko kwa warfarin. Ni lazima niache sukuma wiki?

Usiache, lakini usibadilishe-badilishe. Sukuma wiki, mchicha, managu na kunde zina vitamini K, ambayo inavuta kamba upande wa pili wa warfarin, dawa ya kuzuia donge. Ukila kiasi kile kile kila wiki, kipimo cha dawa kinapangwa kulingana nacho. Shida ni mtu anayekula mboga mwezi mzima, akienda arusi ya wiki nzima anakula nyama na wali, kisha kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kufanya donge, kinatoka kikiwa juu na ufizi unatoka damu. Kwa wengi tunataka INR kati ya 2 na 3.

Apixaban, rivaroxaban na dabigatran, dawa mpya zaidi za kuzuia donge, hazijali mboga wala hazihitaji INR. Ila rivaroxaban inywewe pamoja na chakula, si kwa maji matupu. Anayefunga Ramadhani aje tupange saa kabla mwezi haujaandama. Ya mara moja kwa siku huingia vizuri wakati wa futari, ya mara mbili inahitaji mpango. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani ziache, pamoja na mizizi ya kuchemsha usiyojua yaliyomo.

Nilipata homa ya baridi yabisi utotoni, na valvu imebana. Puto linanifaa?

Mara nyingi sivyo, si kama hatua ya kwanza. Hapa kwetu bado wapo vijana wengi ambao koo la utotoni lisilotibiwa liliishia kwenye valvu, ile milango ya ndani ya moyo. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, ikibana sana, chumba cha juu kinajaa na kutanuka, na ukigandisha midomo ya mishipa bila kushughulikia valvu unapiga deki bomba likiwa bado linavuja. Valvu kwanza.

Na dawa yenu ni warfarin. Wengi huja wakiomba zile mpya baada ya kusikia jirani anatumia. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliowahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye ugonjwa huu wa valvu pamoja na mpapatiko, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarin walifariki wachache kuliko wa rivaroxaban.

Kijana wangu wa miaka 19 moyo unaenda mbio ghafla na kusimama ghafla. Naye apuliziwe puto?

Huo kwa kawaida si mpapatiko. Ni njia ya ziada ya umeme inayozunguka kama gari kwenye mzunguko wa barabara lisilopata pa kutokea, na hutibiwa kwa katheta yenye ncha, bila puto. Baridi ina faida moja nzuri hapo. Njia mbaya inaweza kuwa milimita chache tu kutoka kwenye njia kuu ya umeme, na ukiiharibu ile kuu atahitaji betri ya moyo maisha yake yote. Kwa baridi daktari anaweza kupoza kidogo kwanza, kama nyuzi 30 chini ya sifuri, aone kinachozimika. Kama si chenyewe, anaacha kipate joto na umeme unarudi. Moto hauna nafasi hiyo ya kujaribu.

Hatari zake ni zipi? Niambie ukweli.

Kinachotokea mara nyingi ni uvimbe au doa jeusi kinenani, na maumivu ya kifua ukivuta pumzi kwa siku kadhaa. Vinapita.

Vya hatari ni vichache lakini ni vya kweli. Ukuta wa moyo unaweza kutoboka, damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka na kuubana. Inabidi itolewe kwa sindano mara moja, na mara chache kwa upasuaji. Kiharusi kinaweza kutokea wakati wa kazi yenyewe, ndiyo maana kabla ya kuanza tunakagua kama kuna donge, mara nyingi kwa eko ya kumeza mrija, na wakati wa kazi tunakupa heparini, dawa ya kuzuia donge inayopitia mshipani. Neva ya kiwambo nimeshaitaja. Na lipo tundu kati ya moyo na umio, ile njia ya kupitisha chakula, ambalo ni nadra sana lakini huua. Nimeliwekea swali lake hapo mwisho. Wajawazito hatuwafanyii kwa ajili ya eksirei, ila kama hakuna njia nyingine.

Miraa, pombe, kahawa?

Miraa iache. Kilichomo ndani yake ni ndugu wa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, kinaharakisha moyo na kupandisha presha, na hakuna maana ya kugandisha mishipa asubuhi kisha jioni uko kijiweni na kifurushi. Pombe ipunguze sana, na ukiweza iache; wikendi moja ya kunywa kupita kiasi inatosha kuuwasha mpapatiko. Chai na kahawa za kiasi sigombani nazo. Mwenye kitambi na anayekoroma mpaka jirani anagonga ukuta, hayo mawili nayo yatibiwe, la sivyo tutaonana tena.

Gharama je? SHA inalipa?

Puto ni la kutumika mara moja na linaagizwa kutoka nje, na ndilo linalopandisha bili. Kwa hiyo usiulize "matibabu ni pesa ngapi". Uliza kama bei hiyo inajumuisha puto na mirija yake, nusu kaputi, kitanda cha usiku mmoja, na ikiwa nitahitaji ICU ni nani anayelipa. Omba iandikwe. Familia zimefanya harambee kwa namba moja na kukuta namba nyingine kaunta.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Hakikisha michango imelipwa, kisha hospitali ikuombee idhini ya awali kabla ya kupanga tarehe. Mwenye bima ya binafsi afanye vivyo hivyo, na asome kipengele cha magonjwa aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga.

Muulize pia daktari: wewe mwenyewe umefanya ngapi, na nikipata shida katikati, daktari wa kufungua kifua yuko jengo hili? Asiyependa swali hilo, tafuta mwingine. Wanaokwenda India nawaomba jambo moja, warudi na ripoti kamili iliyoandikwa: mishipa ipi iligandishwa, dawa zipi, mpaka lini. Nimepokea watu wenye picha za hospitali kwenye simu na karatasi moja ya risiti.

Nikirudi nyumbani, nini nisifanye?

Usibebe mtungi wa maji wa lita 20 kwa wiki nzima, wala mtoto anayetaka kubebwa mgongoni. Usiendeshe gari siku mbili za kwanza. Bodaboda sahau kwa wiki, kwa sababu ya kinena. Kama kwenu ni Kitui au Kisii, lala Nairobi usiku mmoja au miwili kwa ndugu kabla ya kukaa saa nyingi kwenye gari, na njiani ushuke unyooshe miguu. Kinena kikianza kuvuja damu, lala chali, mtu akibonyeze kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia. Isipokoma, hospitali. Kazi ya ofisini baada ya siku chache, ya jembe au mjengo baada ya wiki moja hadi mbili.

Wiki ya tatu nimepata homa. Ni malaria?

Inaweza kuwa. Lakini mtu aliyegandishwa au kuchomwa moyo ndani ya miezi miwili iliyopita, akapata homa, au maumivu akimeza, au kutapika damu, au kuchanganyikiwa, asikubali kutibiwa malaria na taifodi kisha akalale. Umio umepita nyuma kabisa ya moyo, na jeraha la nadra linaweza kufungua tundu kati yao siku nyingi baada ya wewe kujiona umepona. Mganga wa zahanati ya nyumbani huenda hajawahi kuliona, na si kosa lake.

Ndiyo maana tunakupa karatasi ya kuweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Inasema ulifanyiwa nini na tarehe gani, na ina mstari mmoja kwa herufi kubwa: mgonjwa huyu akipata homa, apigwe picha ya CT ya kifua haraka, na asiingizwe kamera ya kuangalia umio, kwa sababu hewa inayopulizwa na kamera hiyo inaweza kupita kwenye tundu, ikaingia moyoni na kupanda kichwani. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hujaeleza chochote, kisha utupigie sisi, hata kama ni usiku.